Kutoka Yungiyungi hadi Krinoidi: Majina ya Ekinodermi wa Kale na Mafunzo Yake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Krinoidi ni wanyama wa baharini walio katika faila moja na kiti cha pweza na jongoo bahari. Visukuku vyao vimejaa katika miamba ya chokaa ya sehemu nyingi za dunia, lakini kwa karne kadhaa waliovichunguza waliviita magurudumu, nyota, shanga na maua. Makala haya yanafafanua jinsi visukuku hivyo vinavyochunguzwa na kufuatilia namna majina yalivyosaidia au kuchelewesha uchunguzi huo huko Ulaya na Marekani. Hoja ya msingi ni kwamba jina la kitaswira halina madhara makubwa pale ambapo kitu kinachotajwa kinaonekana kwa macho. Lakini pale kisipoonekana, jina hugeuka kuwa ushahidi. Hoja hiyo inahusishwa na kazi inayoikabili jumuiya ya Kiswahili: kuunda istilahi za sayansi zitakazotumiwa na wasomaji wa pwani wanaoiona bahari na wasomaji wa bara ambao wengi wao hawajawahi kuiona. Makala yanapendekeza seti ndogo ya istilahi pamoja na upatanisho wake wa kisarufi.

1.0 Utangulizi

Mvuvi wa Unguja akiambiwa kuwa mtoto wake ameokota kiti cha pweza ufukweni, hatarajii kuletewa samani. Anamjua mnyama huyo mwenye mikono mitano, na jina limekwisha kuzoeleka kiasi kwamba taswira iliyomo ndani yake haisikiki tena. Ndivyo ilivyo pia kwa jongoo bahari: wanaomkusanya na kumkausha kwa ajili ya soko la Asia hawamtafuti miguu mingi ya jongoo wa nchi kavu. Jina linatumika kwa usalama kwa sababu mnyama yupo, anashikika, na anasahihisha kila kosa ambalo jina lingeweza kulizua.

Hali hubadilika jina hilohilo linaposafiri. Mwanafunzi wa Kigali, Gitega au Mbarara hukutana na kiti cha pweza kwa mara ya kwanza katika maandishi. Hajamwona pweza, sembuse kiti chake. Kwake jina si kumbukumbu ya kitu anachokijua, bali ndiyo habari ya kwanza anayopewa juu ya kitu hicho. Kadiri Kiswahili kinavyopanua nafasi yake rasmi katika nchi za bara, ikiwamo Rwanda iliyokifanya lugha rasmi mwaka 2017 na Uganda ambayo baraza lake la mawaziri liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022, ndivyo idadi ya wasomaji wa namna hii inavyoongezeka.

Swali la nini hutokea pale jina linapotangulia kitu si la kinadharia tu. Historia ya elimu ya visukuku ina mfano ulio wazi, nao ni wa krinoidi. Hawa ni wanyama waliojulikana kwa majina kabla hawajajulikana kwa maumbile yao, na ambao jina lao la kawaida katika lugha kadhaa za Ulaya bado ni la ua.

2.0 Krinoidi ni mnyama gani?

Faila ya ekinodermata ina makundi makuu matano yaliyo hai: viti vya pweza, jamaa zao wenye mikono myembamba inayopindapinda kama nyoka, wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu wanaojificha katika matumbawe, majongoo bahari, na krinoidi. Wote huishi baharini. Hakuna hata mmoja anayeishi katika maji baridi ya mito au ya maziwa makuu ya Afrika. Wengi wao, wakikomaa, huwa na mpangilio wa mwili wa sehemu tano zinazozunguka mdomo, ingawa lava wao huwa na pande mbili zinazolingana, kulia na kushoto. Mifupa yao imetengenezwa kwa vibamba vya kalsaiti vilivyomo ndani ya ngozi, na mwili huendeshwa na mfumo wa mirija ya maji ambayo ncha zake hutokeza nje kama miguu midogo laini.

Krinoidi hutofautiana na jamaa zake kwa kuwa mdomo wake huelekea juu. Mwili wake mkuu ni mdogo na umejengwa kama kikombe cha vibamba. Kutoka ukingoni mwa kikombe hicho hutokeza mikono, nayo huwa na matawi madogo pembeni mfano wa unyoya. Mikono hukinga chembe za chakula zinazopita na mkondo wa maji, na miguu midogo laini huzisukuma kupitia mfereji hadi mdomoni. Krinoidi wengi wa kale, na baadhi ya walio hai, husimama juu ya nguzo ndefu iliyounganishwa kwa pingili nyingi, na mwishoni mwa nguzo huwa na kishikizi kinachowashikilia chini.

Krinoidi wa hakika walio wakongwe zaidi hutoka katika miamba ya mwanzo wa kipindi cha Odovisia, takriban miaka milioni 480 iliyopita. Walistawi mno katika bahari za kina kifupi mwanzoni mwa kipindi cha Karboni. Maangamizi makubwa ya mwisho wa kipindi cha Permia, takriban miaka milioni 252 iliyopita, nusura yawafute kabisa. Leo zipo spishi zaidi ya 600. Nyingi kati ya hizo hupoteza nguzo zikiwa changa na kuishi huru, zikiwamo zile za miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi. Zilizobaki na nguzo huishi katika vilindi. Umbali huo kutoka upeo wa macho ya binadamu ndio kiini cha historia inayosimuliwa hapa.

3.0 Mnyama anayevunjika kabla ya kuwa jiwe

Ugumu wa kwanza katika kuchunguza krinoidi wa kale unatokana na maumbile yao. Vibamba na pingili zao hushikamanishwa na nyuzi laini za mwili. Mnyama akifa, nyuzi hizo huoza, na ndani ya siku chache hadi majuma machache mwili husambaratika. Mnyama mmoja huweza kuacha maelfu ya vipande. Mawimbi na mikondo huvitawanya, huvichanganya na vya wengine, kisha huvilundika. Yapo matabaka mazima ya chokaa ambayo kwa sehemu kubwa ni lundo la pingili za krinoidi.

Mtafiti hutambua vipande hivyo kwa ishara kadhaa. Ya kwanza ni mng'ao: kila kibamba cha ekinodermi hukaa kama fuwele moja ya kalsaiti, hivyo jiwe linapopasuliwa, pingili huvunjika kwa uso bapa unaometa. Ya pili ni wavu wa matundu madogo sana uliomo ndani ya kibamba, unaoonekana kwa hadubini pale ambapo madini hayajauziba. Ya tatu ni umbo la pingili yenyewe, ambayo huweza kuwa ya mviringo, ya duaradufu au ya pembe tano kama nyota. Katikati yake huwa na tundu, na juu ya uso wake huwa na mikwaruzo iliyokaa kwa mpangilio, mahali pingili moja ilipokutana na nyingine.

Vielelezo kamili hupatikana pale tu ambapo wanyama walifunikwa ghafla na tope, kabla au mara tu baada ya kufa. Mahali pa namna hiyo ni pachache. Crawfordsville, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, panajulikana kwa krinoidi waliohifadhiwa na mikono yao yote. Holzmaden, kusini mwa Ujerumani, pametoa krinoidi wakubwa wa kipindi cha Jura walioishi wamejishikiza kwenye magogo yaliyoelea, nguzo zao zikizidi mita 10. Katika vielelezo kama hivi, mtafiti husafisha mwamba kwa sindano chini ya hadubini au kwa upepo wenye poda laini. Asidi haifai, kwa kuwa huyeyusha kalsaiti ya kisukuku pamoja na chokaa inayokizunguka.

Kwa hiyo ushahidi uliopo ni wa aina mbili zisizo na uwiano: vipande vingi mno visivyo na mnyama, na wanyama wachache sana waliokamilika. Kuunganisha aina hizi mbili ndiyo kazi yenyewe ya mtafiti wa krinoidi. Na kwa kuwa kila kipande huhitaji kutajwa kabla hakijaunganishwa na kingine, kazi hiyo tangu mwanzo imekuwa pia kazi ya majina.

4.0 Historia ya jina

Watu wa kawaida walitangulia wataalamu. Katika kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, pingili zenye tundu katikati zilitungwa katika uzi na kuitwa shanga za Mtakatifu Cuthbert. Sehemu za Ujerumani ziliitwa senti za Mtakatifu Boniface. Pingili za pembe tano ziliitwa mawe ya nyota. Majina haya hayakudai lolote kuhusu asili ya mawe hayo. Yalisema yanafanana na nini na yanafaa kwa nini.

Mwaka 1546 Georgius Agricola, katika kitabu chake juu ya vitu vinavyochimbwa ardhini, aliyaingiza mawe hayo katika istilahi za kitaalamu. Pingili iliyojitenga aliiita kwa neno lililotokana na gurudumu katika Kigiriki, na pingili zilizoshikamana akazipa jina jingine lililojengwa juu ya mzizi huohuo. Kwake yalikuwa mawe yenye maumbo ya ajabu. Mwaka 1673 Martin Lister alichapisha jijini London maelezo ya mawe aliyoyaeleza kuwa yana umbo kama la mimea. Alikuwa mwangalifu: alieleza umbo, akaacha suala la asili likiwa na utata. Lakini mfanano na mmea ulikuwa umekwisha kutajwa, na nguzo ya mnyama ikaanza kusomwa kama bua.

Wapo walioliona jambo mapema. Mwaka 1719 Michael Reinhold Rosinus alilinganisha vipande hivyo na jamaa za viti vya pweza wenye mikono iliyotawanyika, akahitimisha kuwa ni mabaki ya wanyama. Mwaka 1755 Jean-Étienne Guettard aliwaeleza wanataaluma wa Paris juu ya kielelezo kilichotolewa katika bahari ya Martinique, ambacho kilikuwa krinoidi wa zama hizi mwenye nguzo. Alitambua uhusiano wake na visukuku. Hata hivyo, kielelezo chenyewe kilikuwa kikiitwa mtende wa bahari. Linnaeus naye akamweka mnyama huyo pamoja na viumbe wa jamii ya matumbawe, ambao wakati huo walidhaniwa kuwa kati ya mmea na mnyama.

Hatua iliyoamua jambo ilikuja mwaka 1821. J. S. Miller, mzaliwa wa Danzig aliyeishi Bristol, alichapisha kitabu kilicholipa kundi hili jina la Crinoidea, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya yungiyungi. Katika anwani ya kitabu hicho alilifafanua jina lake papo hapo: wanyama wenye umbo la yungiyungi. Aliibakiza taswira, lakini akaiwekea mpaka kwa neno "wanyama". Miaka michache baadaye John Vaughan Thompson alichunguza viumbe wadogo wenye nguzo aliowapata mwaka 1823 katika bandari ya Cork, Ireland. Mwaka 1827 aliwatangaza kuwa spishi mpya, na mwaka 1836 akaonyesha kuwa kumbe ni watoto wa krinoidi wasio na nguzo waliokuwa wakijulikana siku zote. Mnyama aliyeogelea huru alikuwa ameanza maisha akiwa amesimama kama ua.

Mwaka 1864 Georg Ossian Sars alivua krinoidi mdogo mwenye nguzo katika vilindi vya Lofoten, Norwei, ambaye baba yake, Michael Sars, alimchapisha mwaka 1868. Ugunduzi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea safari ya meli ya Challenger ya mwaka 1872 hadi 1876, na ripoti za P. Herbert Carpenter za mwaka 1884 na 1888 juu ya krinoidi waliokusanywa humo ziliwapa watafiti wa visukuku mnyama halisi wa kulinganisha na mawe yao.

Hata hivyo, taswira ya ua ilidumu kwa namna nyingine. Wataalamu waliendelea kudhani kwamba krinoidi mwenye nguzo, kama mmea, hukaa alipoota. Mwaka 2005 Tomasz Baumiller na Charles Messing waliwasilisha picha za video kutoka kina cha zaidi ya mita 400 karibu na kisiwa cha Grand Bahama. Zilimwonyesha krinoidi akijikokota sakafuni kwa mikono yake, nguzo ikimfuata nyuma. Yungiyungi lilikuwa likitembea.

Haitakuwa haki kudai kwamba jina peke yake ndilo lililochelewesha maarifa haya. Sababu kubwa ilikuwa kukosekana kwa vielelezo kamili na kutofikika kwa vilindi. Hata hivyo, ni katika mazingira hayohayo ya upungufu wa ushahidi ambapo jina hupata nguvu ya kupita kiasi. Kitu kikikosekana, jina hukalia kiti chake.

5.0 Kipande si mnyama

Tatizo la pili la majina lilijitokeza pale makusanyo yalipokuwa makubwa. Mji wa Burlington, katika jimbo la Iowa, umejengwa juu ya chokaa ya takriban miaka milioni 350 iliyopita, yenye krinoidi wengi mno. Charles Wachsmuth, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekuwa mfanyabiashara wa vyakula mjini humo, alianza kukusanya visukuku baada ya kushauriwa akae nje kwa ajili ya afya yake. Mkusanyo wake wa kwanza ulinunuliwa na Louis Agassiz kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard. Baadaye alishirikiana na mwanasheria Frank Springer, na mwaka 1897, mwaka mmoja baada ya kifo cha Wachsmuth, ilichapishwa kazi yao kubwa juu ya kundi moja la krinoidi wa Amerika Kaskazini. Mwaka 1911 Springer aliukabidhi mkusanyo wake kwa taasisi ya Smithsonian jijini Washington.

Kazi kama hiyo haikuishia kutoa majina mapya. Iliwalazimu waandishi kupitia majina yaliyokwisha kutolewa na wengine na kuamua yapi yalimhusu mnyama yuleyule. Hili haliepukiki pale ambapo kikombe hupatikana leo na nguzo kesho: kila kipande kikipewa jina la spishi, mnyama mmoja hugeuka wawili au watatu katika vitabu. Anayehesabu majina ili kujua ni spishi ngapi ziliishi au ziliangamia atakuwa anahesabu vipande.

Mwaka 1968 Raymond C. Moore na Russell M. Jeffords wa Marekani walikabili tatizo hilo kwa njia nyingine. Walipanga pingili zilizotengana katika utaratibu wake wenyewe, kwa umbo la pingili, tundu na uso wa maungio, ili ziweze kutumika katika kulinganisha matabaka ya miamba hata pale ambapo mnyama mzima hajulikani. Njia hiyo ina faida na ina hatari. Faida ni kwamba kipande hupata nafasi katika kumbukumbu. Hatari ni kwamba jina la kipande huweza kusomwa kama jina la mnyama.

Kwa mwanaisimu, funzo ni kwamba istilahi nzuri haina budi kubeba kiwango cha uhakika. Jina lisiseme zaidi ya kile ambacho ushahidi umesema.

6.0 Ngeli kama uamuzi wa kisayansi

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia na sifa yake ya pekee. Lister aliweza kuandika kwa Kiingereza kwa kurasa kadhaa bila kuamua iwapo anazungumzia jiwe, mmea au mnyama, kwa kuwa lugha hiyo humruhusu kutumia kiwakilishi kimoja kwa vyote vitatu. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo kwa urahisi. Jiwe hili limevunjika. Mmea huu umevunjika. Mnyama huyu amevunjika. Kitenzi cha kwanza tu hulazimisha uamuzi, na msomaji huupokea bila hata kutambua kwamba ameambiwa jambo.

Sifa hii ni rasilimali endapo itatumiwa kwa makusudi. Kisarufi, majina ya wanyama huchukua upatanisho wa A-WA hata kama umbo la nomino ni la ngeli nyingine: kipepeo huyu, viboko wale. Hivyo basi, "krinoidi hawa waliishi" ni tamko la kibiolojia, na "visukuku hivi vimepatikana" ni tamko la kijiolojia. Mwandishi anayeandika "krinoidi hizi zilipatikana" amewashusha wanyama kuwa vitu, na anayeandika "visukuku hawa waliishi" amechanganya mabaki na mwenye mabaki. Kisukuku hakikuishi; aliyeishi ni mnyama aliyekiacha.

Aidha, majina ya mafungu ya maneno yanahitaji uangalifu. Katika sentensi "kiti cha pweza yule amekufa", haijulikani iwapo aliyekufa ni kiti cha pweza au ni pweza mwenye kiti. Katika mazungumzo ya ufukweni utata huo huondolewa kwa kidole kinachoonyesha. Katika kitabu cha kiada hakuna kidole.

Kwa mtazamo huo, pendekezo linaloelekea kujitokeza lenyewe kwa mfasiri, yaani "yungiyungi bahari", lina kasoro tatu. Kwanza, hulirudisha kosa ambalo Ulaya ilitumia muda mrefu kulisahihisha. Pili, huvuta upatanisho wa mmea: msomaji ataandika "yungiyungi bahari hili limeota", na sarufi itakuwa imelithibitisha kosa. Tatu, hulenga zaidi wale wasioweza kulisahihisha, yaani wasomaji walio mbali na bahari.

Upo upinzani wenye uzito unaopaswa kujibiwa. Wataalamu wengi wa istilahi hupendelea maneno yanayoeleweka kwa mzawa kuliko maneno ya mkopo yasiyo na maana ya wazi, na kiti cha pweza na jongoo bahari ni ushahidi kuwa taswira huweza kudumu bila kupotosha. Hoja hii ni ya kweli kwa wanyama wanaoonekana. Taswira katika majina hayo imekufa kwa kuwa mnyama hai yupo kuiua. Krinoidi wa kale hana msaada huo. Vilevile, neno la mkopo si kinga kamili. Kuandika "ekinodamu" kwa kufuata matamshi ya Kiingereza kungetia ndani ya neno sauti ya damu, ilhali mzizi wa Kigiriki una maana ya ngozi. Tahajia ya "ekinodermi" inaepusha hilo.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, istilahi zifuatazo zinapendekezwa kwa vyombo vya usanifishaji, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa.

Kwanza, "krinoidi" liwe jina la mnyama, kwa upatanisho wa A-WA, na "kisukuku cha krinoidi" liwe jina la mabaki, kwa upatanisho wa KI-VI. Yungiyungi litumike katika maelezo pale tu inaposemwa kuwa ni mfanano, kama Miller alivyofanya katika anwani ya kitabu chake.

Pili, sehemu za mwili zipewe maneno ya Kiswahili yaliyopo ambayo hayafungamani na mimea pekee. "Nguzo" ifae badala ya "shina", kwa kuwa haidai kwamba kiumbe kimeota. "Kikombe" na "mkono" yanaeleweka bila maelezo. "Kishikizi" kieleze kazi, badala ya "mzizi" unaoashiria unyonyaji wa maji ardhini. Kwa sehemu moja ya nguzo, neno "pingili" ni la thamani ya pekee: Kiswahili hulitumia kwa muwa na vilevile kwa uti wa mgongo, hivyo linaeleza umbo na maungio bila kuamua iwapo mwenye pingili ni mmea au mnyama. Anayeokota kipande asichokijua anaweza kukiita pingili na asikosee.

Tatu, lebo za makumbusho, hifadhidata na vitabu vitofautishe viwango vya uhakika: "pingili ya krinoidi" pale mnyama asipojulikana, na jina la spishi pale tu kielelezo kinaporuhusu.

Nne, washauri wa sera wazingatie athari za istilahi katika sheria za urithi. Mwamba wa pwani ya Afrika Mashariki una mabaki ya bahari za kale. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, palipochimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, matabaka yenye dinosaria hupishana na matabaka ya bahari yenye visukuku vya makombe. Umaarufu wote umewaendea dinosaria. Sheria au tafsiri ya sheria inayotaja visukuku vya mimea na vya wanyama wenye uti wa mgongo pekee ingeacha nje ekinodermi, makombe na matumbawe, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyotoa umri na mazingira ya mwamba. Na endapo krinoidi angeandikwa kwa jina la ua, ulinzi wake ungetegemea kosa la kamusi.

Tano, istilahi za viumbe vya bahari zijaribiwe kwa wasomaji wa bara kabla ya kusanifishwa. Jina linalompa mwanafunzi wa Bujumbura picha iliyo karibu na ukweli litamfaa pia wa Mombasa, lakini kinyume chake hakina uhakika.

8.0 Hitimisho

Visukuku vya krinoidi viliokotwa, vikatungwa katika uzi na kupewa majina kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kujua vilikuwa sehemu ya nini. Majina yaliyosema kidogo, kama shanga na nyota, hayakumzuia mtu kujifunza zaidi. Majina yaliyosema mengi, kama mtende na yungiyungi, yalihitaji kusahihishwa na vielelezo vilivyotoka Martinique, Cork na Lofoten. Jumuiya ya Kiswahili ina nafasi ambayo watangulizi hao hawakuwa nayo: inaunda istilahi zake mnyama akiwa amekwisha kujulikana, na ina sarufi inayotenganisha kwa kitenzi kimoja kilichoishi na kilichobaki. Mwanafunzi wa bara atakayesoma kwamba "krinoidi hawa walitembea, na pingili hizi ndizo zilizobaki" atakuwa amepewa elimu sahihi hata kabla hajaiona bahari.